Walianza na mashujaa wa watu: njia ya msimulizi wa Kivu kuelekea kitabu chake

Mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga, huko Kivu mashariki mwa Kongo, fundi mmoja wa masimulizi aitwaye Candi Rureke alikubali kufanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya: kusimulia habari za shujaa Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho, mfululizo. Ilimchukua siku 12. Aliimba, akasema, akacheza, akaigiza, huku vijana wakimgongea fimbo na watu waliokusanyika wakiitikia na kumtunza. Pembeni waliketi waandishi waliojitahidi kunukuu kila neno. Kazi hiyo iliongozwa na Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji wa IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947 na ambayo makao yake yalijengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Siku hizo Kivu ilikuwa jimbo moja na Bukavu ndiyo makao yake makuu. Haikugawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi mwaka 1988.

Mwindo hakuwa wa Rureke. Alimpokea kwa mafundi waliomtangulia, nao walimpokea kwa wengine. Mtoto aliyezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, ambaye baba yake Shemwindo hakumtaka kwa kuwa alikwisha kuamuru wake zake wazae wasichana tu, aliyetiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akanusurika, akamfikia shangazi yake Iyangura, kisha akamfuata baba yake hadi kuzimu: habari hizo kila Munyanga alizijua kabla fundi hajafungua kinywa. Watu hawakuja kusikia kitakachotokea. Walikuja kusikia huyu atakavyokisema.

Akakisema kwa namna yake. Katikati ya safari za Mwindo, Rureke alijitaja mwenyewe, akaingiza mambo ya maisha yake, hata akawasemesha wale waliokuwa wakihangaika kumwandika. Shujaa alikuwa wa wote, lakini sauti ilikuwa yake peke yake. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, kikiwa kimeandaliwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi aliye mwana wa Banyanga, jina la Rureke lilikuwamo. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu cha pili chenye masimulizi mengine ya Mwindo kutoka kwa mafundi wengine, na humo unaona wazi kwamba hakuna Mwindo mmoja. Mambo ya kuzaliwa kwake, ugomvi wake na baba yake, mwisho wa safari zake, kila fundi kayapanga upya.

Naanzia mbali hivi kwa sababu siku hizi kuna uandishi unaodharauliwa sana, na wanaoudharau hudhani umeletwa na simu. Ni ule wa hadithi za mashabiki: kijana anampenda mhusika wa filamu, katuni au riwaya, hadithi inapoisha hataki iishe, basi anaiendeleza mwenyewe. Anawapelekea wenzake sehemu ya kwanza, wanamdai ya pili, wanamgombeza akimuua waliyempenda. Baadaye, akishapata mkono na wasomaji, anatamani kuwa na mhusika wake mwenyewe na kitabu chenye jina lake. Walimu wengi humwambia anapoteza muda. Mimi nadhani anapita njia ile ile aliyopita Rureke, na waandishi kadhaa tunaowaheshimu walipita hapo.

Mtazame Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapwa mwaka 1960, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko, ana akili ya kuunganisha vidokezo vidogo, na ana rafiki, Najum, wa kumshangaa na kumuuliza maswali. Yeyote aliyemsoma Arthur Conan Doyle anawatambua mara moja: ni Sherlock Holmes na daktari wake. Lakini fuata vitabu vilivyofuata, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984, uone Uingereza inavyopotea pole pole na Unguja inavyojaa: mashamba, nasaba zilizofichwa, ndoa zenye siri, mizimu ambayo mwisho wake huwa ni watu. Aliingia kwa mlango wa jirani, akaishia kujenga nyumba.

Aristablus Elvis Musiba wa Tanzania naye alianza hivyo. Willy Gamba, mpelelezi wake aliyetokea mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, ni ndugu wa James Bond kwa bastola, magari na wanawake. Ila kazi aliyopewa ni ya Afrika ya wakati ule, vita vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Na katika Kikosi cha Kisasi, kilichotoka mwaka 1979, Musiba alimleta Gamba kwetu Kongo, Kinshasa, mji ukaandikwa kwa Kiswahili na mtu wa Dar es Salaam. Hilo la Kinshasa nitalirudia.

Kwa upande wa Kongo yenyewe, kisa kinachonigusa zaidi hakianzii kitabuni. Kinaanzia kwenye shuka jeupe. Katika miaka ya 1950 mapadri wa Kikatoliki walikuwa wakitengeneza filamu za kuonyeshwa kwa Wakongo, na kazi hiyo ilikuwa na vituo vitatu: Léopoldville, Luluabourg na hapa Bukavu, ambako Mapadri Weupe waliendesha Africa Films. Makusudi yalikuwa kufundisha. Filamu nyingi zilikuwa za maonyo: usinywe, usipende mji kupita kiasi, mfuate padri. Lakini mtazamaji hapokei kila alichoandaliwa. Katika filamu za padri Albert Van Haelst, zilizotengenezwa Kasai, walikuwamo watu wawili wa kuchekesha, Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Hawa watu waliwapenda. Mafundisho yakasahaulika, Matamata na Pilipili wakabaki.

Walibaki hata baada ya uhuru, hata baada ya wapiga picha kuondoka. Na mwaka 1978 mchoraji kijana wa Kinshasa, Mongo Awai Sisé, aliwachukua akawatia katika kitabu cha katuni. Hapo ukoloni ulikuwa umekwisha miaka 18, na wahusika waliobuniwa na padri wa Kibelgiji wakawa sasa mikononi mwa Mkongo, wakizungukia mambo ya Kongo. Kwa lugha ya leo tungesema Mongo Sisé aliandika hadithi ya shabiki. Aliwakuta wasomaji tayari: mtu aliyewahi kucheka mbele ya lile shuka akiwa mtoto hakuhitaji kuelezwa Matamata ni nani.

Hakuishia hapo. Alikwenda Ubelgiji, akapata mafunzo katika studio za Hergé, mwenye Tintin. Nawaomba wasomaji wasipite haraka hapa. Hergé ndiye aliyechora Tintin nchini Kongo, iliyotoka gazetini kuanzia mwaka 1930, kitabu kinachotuonyesha sisi kama watoto wenye midomo minene wanaohitaji kufundishwa na mvulana wa Brussels na mbwa wake. Mkongo akaingia katika nyumba ile ile, akajifunza mstari ule ule safi usio na vivuli, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoa mhusika wake mwenyewe: Bingo. Kijana wa Kongo. Bingo anakwenda mjini, anazunguka nchi yake, halafu katika kitabu kimoja anakwenda Ubelgiji. Yule aliyekuwa akitembelewa na kutazamwa ndiye sasa mtembezi na mtazamaji.

Sioni mfano bora wa safari hii nzima, kutoka kuazima hadi kumiliki. Matamata na Pilipili walimpa Mongo Sisé mkono na wasomaji. Bingo akawa wake. Na Bingo asingekuwapo bila Tintin, maana ni jibu kwa Tintin. Anayejibu lazima awe amesikiliza sana kwanza, na shabiki ni msikilizaji kuliko wote.

Njia hii si ya Afrika peke yake, wala haijafungwa. Mwingereza E. L. James alianza kwa kuendeleza wapenzi wa riwaya ya Twilight, akabadilisha majina, na mwaka 2011 kazi yake ikatoka kama riwaya inayojitegemea, ikauzwa dunia nzima. Mmarekani Anna Todd aliandika After sehemu kwa sehemu mwaka 2013, akiwatumia wanamuziki wa One Direction kama wahusika, kwenye Wattpad, jukwaa lililoanzishwa Toronto mwaka 2006. Mwaka uliofuata mchapishaji akamchukua. Mambo yaliyomo ndani ya vitabu hivyo siyapendi. Nawataja kwa sababu kila mmoja alifika kwa mchapishaji akiwa na wasomaji nyuma yake.

Hapo kwa mchapishaji ndipo mwandishi wa Bukavu anapokwama. Wasikilizaji anao, na hajawahi kuwakosa. Mji huu una Chuo cha Ualimu, ISP, una Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Chuo Kikuu Rasmi, una vijana wanaosoma Kifaransa darasani, wakizungumza Kiswahili njiani na Mashi kwa bibi. Hadithi zinazoandikwa sehemu kwa sehemu hupita kutoka simu hadi simu, Ibanda, Kadutu hadi Bagira. Kilichoadimika miaka yote ni mchapishaji na mtu wa kubeba kitabu. Mwindo, aliyesimuliwa msituni kwetu, alichapwa California. Charles Djungu-Simba, mzaliwa wa Kamituga hapa Kivu Kusini, riwaya yake Cité 15 ilitoka mwaka 1988 Paris. Mtu wa Kamituga akitaka kumsoma ndugu yake, kitabu kilipaswa kuvuka bahari.

Barabara ya kupitika moja kwa moja hadi Kinshasa hakuna, na waasi wa M23 walipouchukua mji wetu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Kitabu kilichochapwa katika mji mkuu wa nchi yetu kina safari ndefu kutufikia kuliko kilichochapwa Kigali au Dar es Salaam. Katika hali hiyo, kumwambia kijana asiandike kwenye simu mpaka apate mchapishaji ni kumwambia anyamaze.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika alikuwapo aliyeona mapema tatizo hili la kungoja mchapishaji. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, alimbuni mpelelezi Joram Kiango, ndugu mdogo wa Willy Gamba kwa namna nyingi. Wasomaji walimpenda Kiango, na Mtobwa hakukaa kungoja kampuni imkubali: alianzisha yake, Heko. Musiba pia alijichapia. Waliweza kwa sababu walijua nani atanunua. Shilingi ya msomaji ilikuwa imekwisha kuahidiwa kabla karatasi haijakatwa.

Kuna jambo la sheria ambalo vijana wetu hawaambiwi. Kongo ina sheria ya haki za waandishi ya Aprili 5, 1986, na inamlinda aliyebuni kazi. Kuandika habari za mhusika wa mtu kwa mapenzi na kumpa rafiki asome ni jambo moja. Kumuuza ni lingine. Sherlock Holmes leo ni huru, hata Marekani ambako hadithi zake za mwisho zilitoka katika ulinzi mwaka 2023. Tintin si huru huko Ubelgiji: Hergé alikufa mwaka 1983, na Ulaya haki hudumu miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2053. Mongo Sisé angechora Tintin angeshtakiwa. Alimchora Bingo, na hakuna aliyeweza kumgusa.

Sheria hiyo hiyo inamlinda kijana wa Bagira pia, na hili analisahau kuliko yote. Sehemu aliyoituma usiku, kesho yake inasambazwa na mtu mwingine, jina lake limekatwa. Basi aandike jina na tarehe katika kila sehemu, juu na chini, aweke nakala yake ya kwanza mahali salama, na awatunze wasomaji wake wa mwanzo kwa majina yao, kwa sababu ndio atakaowauzia nakala mia za kwanza hata kama zitatolewa kwa fotokopi na kubanwa kwa waya.

Nilisema nitarudi Kinshasa ya Willy Gamba. Nimeisoma Kikosi cha Kisasi kwa furaha, na kwa kiu. Mpelelezi anatoka Dar es Salaam, anatua kwetu, anatatua mambo yetu, anaondoka. Bingo alishamjibu Tintin. Gamba bado ninamngojea mwenziwe: binti wa Nguba au Kadutu anayejua Kiswahili cha mji wetu, anayevuka mto Ruzizi asubuhi akiwa na jeto, kile kibali cha kuvukia mpaka, mfukoni, anapanda basi kwa basi hadi Dar es Salaam kumtafuta mtu aliyekimbia na siri ya Bukavu. Kama kuna aliyekwisha kuanza kumwandika, hata kwa kumuazima Gamba katika sura ya kwanza, anitumie sehemu ya pili.