Afrika Kusini: Hukumu Zisizokuwapo

Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ya KwaZulu-Natal mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilitoa uamuzi kuhusu jambo la ajabu. Wakili alikuwa ametaja kesi tisa za zamani kuunga mkono hoja zake. Zilizopatikana ni mbili tu. Jaji alipoiuliza mashine ya akili mnemba kuhusu mojawapo ya zile zisizojulikana, mashine ilijibu kwamba kesi hiyo ipo.

Jambo hilo halikuanzia huko. Mwaka 2023 mahakama ya New York, Marekani, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kubuni. Jaji alieleza kwamba kutumia chombo hicho si kosa, bali wakili ana wajibu wa kuhakiki anachowasilisha. Pietermaritzburg nako, kampuni ya mawakili iliamriwa kulipa sehemu ya gharama.

Mashine haili kiapo. Bunduki ikilia, huulizwa aliyeishika. Vivyo hivyo jalada la upelelezi: likibeba maneno yasiyohakikiwa, mwananchi asiye na hatia aweza kufungwa. Askari anayelitia sahihi hana budi kulihakiki kwanza yeye mwenyewe.