Mtambo Uliohofiwa Kuimeza Dunia

Mwaka 2008 wako watu waliolala na hofu kwamba dunia itamezwa. Karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, shirika la CERN lilijiandaa kuwasha mtambo wa kugonganisha protoni, uliojengwa katika handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, mita 100 hivi chini ya ardhi. Wachache walidai kuwa migongano hiyo itazaa shimo jeusi dogo, nalo litakua hadi litumeze sote. Huko Hawaii walifikia kufungua kesi.

Wengi waliwacheka. Mimi sikucheka, mtu akisikia kuna wanaochezea moto karibu na nyumba yake, ana haki ya kuuliza. Nawasifu wanasayansi kwa kuwa walijibu kwa hoja: miali ya anga za juu, mingine yenye nguvu kupita mtambo ule, imeipiga dunia na mwezi kwa mabilioni ya miaka, navyo vingalipo.

Mtambo ukawashwa Septemba 10. Siku tisa baadaye kiungo kimoja hafifu cha umeme kiliyeyuka, tani kadhaa za heliamu zikavuja kwa kishindo, na sumaku nzito zikang'oka mahali pake. Lehemu, ambayo hakuna aliyeiogopa, ilisimamisha kazi kwa zaidi ya mwaka.

Tumaini lao kubwa lilikuwa chembe iliyobashiriwa mwaka 1964, ya kueleza asili ya tungamo. Ilipotangazwa Julai 4, 2012, Peter Higgs alikuwapo ukumbini, mzee wa miaka 83, akifuta machozi.