Mikanda na Kanda

Lugha yetu imetumia neno moja kwa mambo mawili. Sinema zilipoingia majumbani tulizungumza habari za mikanda ya video, na wengi wakafupisha wakasema "kanda". Lakini kanda ni pia sehemu ya nchi, na sisi walimu wa Mkoa wa Pwani, tuwe wa Kibaha au wa Kisarawe, tumezoea kuhesabiwa katika Kanda ya Mashariki. Sikufikiri hata siku moja kwamba maana hizi mbili zingekuja kukutana ndani ya kisahani kimoja chembamba.

Vyombo hivi vilichelewa kutufikia. Unguja walianza kuona televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipofungua njia. Kompyuta nazo serikali ilizuia zisiingizwe nchini mwaka 1974, na zuio hilo likalegezwa pole pole baadaye. Kwa hiyo kizazi changu kilipata televisheni, video, kompyuta na diski za DVD karibu kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyekosa chakula cha mchana akaletewa milo mitatu usiku.

DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997. Kabla hazijatoka, wenye makampuni ya sinema walikuwa wameigawa dunia. Marekani na Kanada waliziita Kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani na Mashariki ya Kati zikawa Kanda ya 2. Nchi za kusini-mashariki mwa Asia zikawa ya 3, Australia na Amerika ya Kusini ya 4, China ya 6. Hata ndege na meli za abiria zilipewa namba yao, ya 8. Sisi tuliwekwa katika Kanda ya 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India, Urusi, Mongolia na Korea ya Kaskazini.

Sababu yao ilikuwa biashara. Sinema ilianza kuonyeshwa Marekani, na ilipokuwa tayari kwenye diski huko, huenda ilikuwa haijafika katika majumba ya sinema ya nchi nyingine. Tena bei haikuwa moja kila mahali. Wakaona diski ya Kanda ya 1 isichezwe kwenye mashine ya Kanda ya 2, ili kila soko lingoje zamu yake na kulipa bei yake.

Mwalimu wa historia hawezi kuitazama ramani hiyo asikumbuke nyingine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukawagawa Wadigo na Wamasai bila kuwauliza. Katika ramani ya diski, Misri, Afrika ya Kusini, Lesotho na Uswazi ziling'olewa kutoka Afrika zikatiwa Kanda ya 2. Mzanzibari wa Unguja akawa Kanda ya 5, na ndugu yake aliyehamia Maskati akawa Kanda ya 2. Mtu wa Maskati akimletea shangazi yake zawadi ya diski, zawadi inafika salama lakini haisemi. Sidhani kama aliyechora alijua kwamba watu hawa ni nyumba moja. Lakini naye mchoraji wa mwaka 1886 hakujua.

Katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza, jambo hili lilitufikia kwa njia ya msaada. Tulikuwa na kompyuta chache, na marafiki wa nchi mbalimbali walituletea diski za wanyama, za sayari na za historia. Za kutoka Ulaya zilicheza. Zilipokuja za Marekani, kompyuta ikatoa maandishi ya kututaka tubadili kanda. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza, "Mwalimu, tumepewa bure, mbona inatuuliza tunatoka wapi?"

Ilikuwa inauliza hivyo hasa. Kifaa cha kusomea diski kilichotengenezwa kwa masharti yaliyoanza mwaka 2000 kinamruhusu mtumiaji kuweka kanda mara 5 tu. Baada ya mara ya 5 kinabaki hapo hapo. Hesabu hiyo imeandikwa ndani ya kifaa chenyewe, hivyo hata ukifuta programu zote na kuanza upya, chenyewe hakisahau. Tukaamua kompyuta moja iwe ya Kanda ya 1, nyingine ya Kanda ya 2, nyingine ya Kanda ya 5, na tukaziandika namba kwa chaki ubavuni. Darasa likawa linahama kiti kwa kiti kufuata diski.

Kwa upande mwingine kompyuta ilikuwa na msaada. Televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL, wa picha 25 kwa sekunde, na za Marekani NTSC, wa picha karibu 30. Diski ya Marekani kwenye televisheni ya zamani huenda ikatoa picha isiyo na rangi au inayorukaruka. Kompyuta hujichorea picha yenyewe, haijali mfumo. Kwa hiyo tofauti iliyotokana na ufundi ilishindwa na kompyuta, lakini iliyotokana na amri ya watu ikabaki.

Amri hiyo ilikuwa na kufuli. Picha zilifichwa kwa fumbo, na kiwanda kilichotaka ruhusa ya kulifumbua kilipaswa kukubali pia masharti ya kanda. Mwaka 1999 programu ya kulifumbua ilisambazwa, na mmoja wa waliohusika alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa Norwe wa miaka 15. Alishtakiwa, akaachiwa huru mwaka 2003, na rufani ikatupwa mwaka huo huo, kwa kuwa diski alizozifungua alizinunua kihalali. Sisi wa Kibaha jina la Norwe si geni: ni moja ya nchi za Nordiki zilizoanzisha kituo cha elimu hapa mwaka 1963 na kukikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970.

Huko Kisarawe, katika vibanda vya video vya vijijini, kesi hiyo haikujulikana wala haikuhitajika. Mashine za bei nafuu zilicheza kila kitu, na diski za VCD hazikuwa na alama ya kanda. Kikwazo cha kule kilikuwa lugha, na dawa yake ilikuwa watu kama Lufufu, aliyezisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili mpaka bibi asiyejua neno la Kiingereza akacheka mahali pa kucheka.

Lakini nisisifu upande mmoja. Mkono ule ule ulionakili sinema za Marekani ulinakili pia za vijana wetu, waliotumia nauli zao na nyumba za wazazi wao kupiga picha. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu zikaanza mwaka 2013, wakati wengi wao walikuwa wameshaumia.

Ndipo naona tofauti ambayo wanachuo wangu walistahili kufundishwa. Liko kufuli linalolinda jasho la aliyefanya kazi, nalo tuliheshimu hata kama mwenye jasho ni jirani yetu maskini. Na liko kufuli linalomzuia aliyekwisha kulipa, au aliyepewa kwa upendo, kwa sababu tu ya mahali anapoishi. La pili halikudumu. Diski za sasa za picha kali zaidi, zilizotoka mwaka 2016, hazina kanda, na kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la diski. Lakini mtu akifungua sinema kwenye simu leo, bado huambiwa mara kwa mara kwamba haipatikani katika nchi yake. Kisahani kimeondoka, mstari umebaki, na mwalimu kijana atakayeukuta awaambie wanafunzi wake ni nani aliyeuchora na kwa faida ya nani.