Karani wa Mazinde

Ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, katika wilaya ya Handeni, iko Sindeni, nchi ya Wazigua. Ng'ambo ya kaskazini, chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe, iko Mazinde. Habari za vita na biashara za ng'ambo hizi mbili katika nusu ya pili ya karne ya 19 zimehifadhiwa, kwa sehemu kubwa, na kalamu ya mtu mmoja. Naye hakuwa mfalme wala jemadari, bali karani: Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mwandishi wa Semboja.

Zamani za Kimweri ya Nyumbai, baba yake Semboja, Vuga ilitawaliwa kwa neno la kinywa. Kodi ililetwa na watu, hukumu ilitolewa mbele ya watu, na mvua iliombwa kwa mfalme. Lakini mamlaka ya Kimweri yalishuka hata pwani, na huko madiwani walikuwa na mabwana wawili, mmoja Vuga na mmoja Unguja. Kwa Sultani wa Unguja neno la kinywa halikutosha. Mmisionari Krapf, alipofika Usambara mwaka 1848 na mara ya pili mwaka 1852, alikuta baadhi ya wana wa mfalme wamekwisha silimu na kujifunza kusoma na kuandika. Hapana shaka dini iliwavuta. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hawakuona pia faida ya barua.

Kimweri alikufa mwaka 1862, na kiti kikashikwa na mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, aliyekuwa ami yake, hakuridhika. Akakusanya watu, na miongoni mwa wasaidizi wake walikuwamo Wazigua wenye bunduki, akamtoa Shekulwavu katika Vuga. Ajabu ni kwamba aliposhinda hakuukalia mji wa baba yake. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akakaa Mazinde, kwenye tambarare, mahali ambapo misafara itokayo Pangani hupita ikienda bara. Uamuzi huo waonyesha alivyoyaelewa mambo kuliko hotuba yo yote. Baba alitawala kwa mvua na ng'ombe wa kodi. Mwana alitaka baruti, nguo na pembe, na vitu hivyo vilipita njiani, havikupanda mlimani.

Mtawala wa mahali kama pale hakuweza kuishi bila ya karani. Mfanya biashara wa Pangani hamkopeshi mtu asiyeweza kumwandikia. Tena Sultani hupenda kuandikiwa kwa adabu zake. Barua ya Kiswahili ya siku zile ilikuwa na mwili wake maalumu. Hutangulia sifa za mwandikiwa, tena kwa Kiarabu, mheshimiwa, mpendwa, Mungu amhifadhi. Kisha salamu na habari ya afya. Kisha neno la waama baada. Ndipo haja yenyewe, nayo aghalabu ni fupi kuliko salamu. Mwisho huwa jina la mwenye barua, na pengine la aliyeiandika kwa mkono wake. Mambo ya nyumbani na mambo ya dola hayakutengwa. Ugonjwa wa mtoto, deni la nguo na habari za vita viliweza kukaa katika karatasi moja, na msomaji wa leo atakayezitupa salamu ili afikie "siasa" atapotewa na nusu ya siasa yenyewe. Sifa iliyopunguzwa katika salamu ilikuwa habari kwa mwandikiwa.

Lakini herufi za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa wakati ule, hazikuitosha lugha. Harufi ya "be" ilibeba b na p pia, hata "baba" na "papa" ziliandikwa sawasawa, na msomaji ndiye aliyepambanua. Irabu e na i zilichanganyika, kadhalika o na u. Basi barua ilihitaji wasomaji wawili: macho ya karani aliyeipokea, na kinywa cha tarishi aliyeichukua, ambaye mara nyingi alijua kilichomo. Zaidi ya hayo, Wakilindi walisema Kishambaa, na barua iliandikwa Kiswahili. Kati ya neno alilolitamka mtawala na neno lililoandikwa alikuwako mtu mmoja. Ukali aliweza kuulainisha. Ombi aliweza kulifanya lifanane na amri. Watu humdharau karani kwa kuwa hana askari, na huko ni kusahau kwamba askari huitwa kwa barua.

Nguo iliyotajwa sana katika biashara ya siku zile ilikuwa merikani, na jina hilo lenyewe laeleza ilikotoka. Marekani ilipatana na Sayyid Said mwaka 1833, na konsuli wake wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Waters naye alikuwa mtu wa serikali aliyefanya biashara yake mwenyewe, na barua zake zachanganya mambo hayo mawili bila ya haya. Waswahili hawakuwa peke yao katika desturi hiyo.

Si biashara zote zilizokuwa za nguo. Vita vya Wakilindi wao kwa wao vilizaa mateka, na mateka walipelekwa pwani kuuzwa. Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini njia ya Pangani haikufungika mara moja, kwa kuwa mashamba ya Pemba yaliendelea kudai watu. Karani wa mtawala aliyeishi kwa njia hiyo hawezi kusemwa kuwa alisimama mbali nayo.

Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa, aliyetawala Vuga, alinyongwa na Wadachi. Abdallah alipata kazi katika serikali hiyo mpya, hata akawa Liwali wa Tanga. Tena akaandika kitabu, Habari za Wakilindi, kikatoka kwa sehemu tatu, ya mwisho mwaka 1907. Humo yumo Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, akapita Kilindi, nchi iliyokuwa katika wilaya ya Handeni mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 2002, akapanda Usambara na kupewa ufalme. Wazee walikuwa wakiisimulia kwa namna nyingi. Karani aliiweka katika namna moja, nayo ndiyo iliyoenea. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974, ilimbidi arudi kwa wasimulizi wa vijijini ili namna nyingine zisikike.

Hasara kubwa zaidi iliwapata Wazigua. Hawakuwa na mfalme mmoja; kila kijiji kilikuwa na mkubwa wake na bunduki zake, wala hapakuwa na Mazinde yao penye karani wa kukusanya maneno ya wote. Kwa hiyo katika kitabu huonekana wanapovuka mto tu: wanaitwa, wanapigana, wanachukua mateka, wanarudi. Walichozungumza Sindeni baada ya kurudi, nani aliyekataa kwenda, nani aliyemlilia ndugu yake, hayo dirisha la Mazinde halikuyafikia.

Wabondei nao walipata bahati ya namna nyingine. Waliinuka juu ya Wakilindi katika vita walivyoviita Kiva, mnamo mwaka 1869, wakawafukuza katika nchi yao. Abdallah amevieleza vita hivyo kwa upande wa waliofukuzwa, kama ilivyompasa mtumishi wa nyumba ile. Na kitabu chake kilipigwa chapa na misheni ya Magila, huko huko Bonde.