Ushindani wa Manowari katika Bahari ya Hindi (1968–1991)

Huu ni mvutano wa Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi. Majeshi yao ya majini hayakupigana hata siku moja. Kilichogombewa hasa ni bandari.

Januari 1968 Waziri Mkuu Harold Wilson alitangaza kwamba Uingereza ingeondoa majeshi yake mashariki ya Suez kufikia mwisho wa 1971. Machi manowari za Kisovyeti zikawasili kutoka Vladivostok, kwani Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu vita vya 1967 na meli za Bahari Nyeusi zingelazimika kuizunguka Afrika nzima. Meli iliyo mbali hivyo na kwao huhitaji mafuta, maji na mafundi, na mwenye kuvitoa ndiye mwenye kauli.

Marekani ilipata mahali pasipo na serikali ya kubembelezwa: Diego Garcia, katika Visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilivitenga na Morisi mwaka 1965. Wenyeji waliondolewa kati ya 1968 na 1973, wakatupwa Morisi na Shelisheli. Katika habari yote hii, hao ndio walioumia zaidi.

Wasovyeti walitegemea Berbera, Somalia. Mwaka 1975 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, James Schlesinger, aliwaonyesha maseneta picha za angani za ghala la makombora huko, hoja iliyosaidia kupatikana fedha za kupanua Diego Garcia. Novemba 1977 Rais Siad Barre wa Somalia, akichukizwa na silaha ambazo Moscow iliipa Ethiopia katika vita vya Ogaden dhidi ya Somalia, akawafukuza Wasovyeti. Wakakokota chelezo chao hadi Aden, baadaye Visiwa vya Dahlak katika Bahari ya Shamu. Lakini njia ndefu ya kurukia ndege waliyoiacha Berbera haikokotwi: mwaka 1980 Barre aliwaruhusu Wamarekani kuitumia. Mwaka huohuo, baada ya mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Afghanistan, Kenya iliwafungulia Mombasa na Oman ikawapa Masirah.

Nchi za pwani zilikuwa zimekwisha kuupinga ushindani huu. Kwa pendekezo la Sri Lanka, lililoungwa mkono na Tanzania, Umoja wa Mataifa ulipitisha Desemba 1971 azimio namba 2832 la kuifanya bahari hii eneo la amani. Siku hizohizo Enterprise, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, ilikuwa ikiingia Ghuba ya Bengali kwa ajili ya vita vya India na Pakistan. Mazungumzo ya Washington na Moscow ya kudhibiti manowari, yaliyoanza 1977, yalikatika Februari 1978, Ogaden ikiwa bado inawaka.