Maji ya Mkonge

Mama yangu mkubwa, mkulima wa Kasulu, aliteswa na paja kwa miaka miwili. Upande wa nje tu, eneo la kiganja kimoja: linawaka moto, kisha ganzi, hata kitenge kikigusa anashtuka. Daktari alisema ni neva inayobanwa inapopita karibu na mfupa wa nyonga. Alimshauri kwanza aache kukaza mkanda kiunoni. Maumivu yalipogoma, akamchoma hapohapo sindano ya steroidi iliyochanganywa na dawa ya ganzi.

Ugonjwa huo, meralgia, ulipewa jina mwaka 1895 na Roth, daktari Mrusi aliyeuona kwa wapanda farasi waliokaza mikanda. Mwaka huohuo Sigmund Freud aliandika kuhusu paja lake mwenyewe. Mimi ilinishika zaidi historia ya dawa.

Kotisoni, mojawapo ya steroidi, ilijaribiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1948. Ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, hivyo ilikuwa adimu mno. Watafiti wa Uingereza wakatafuta malighafi nyingine, wakaipata kwenye mkonge wa Afrika Mashariki. Maji yake yana hekojenini, na kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengenezea kotisoni. Kumbe ni maji yaleyale yaliyokuwa yakimwagwa kwenye korona, maana singa ni takriban asilimia 4 tu ya jani.

Na majani alikata nani? Wengi walitoka kwetu. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliandikisha vibarua mikoa ya mbali, na Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ilitoa Waha kwa maelfu. Kodi ilidaiwa huku, lakini mazao ya kuilipia hayakuhimizwa. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Paja la Freud lina jina kwenye maktaba. Hao wana namba.

Babu alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka Tanga na makovu ya miiba mikononi, akisimulia jinsi maji ya mkonge yanavyowasha ngozi.

Siku hizi viwanda vingi hutumia soya. Hata hivyo nilimsimulia mama mkubwa yote haya, akiwa amekaa kibarazani, paja limetulia.

"Na hayo maji," akauliza, "baba alilipwa?"

Alilipwa kwa kipande: siku 30 za kukata majani.