Hatari za Maji Mashariki ya Usukuma

Waandishi wa historia watajapo maji katika nchi ya Wasukuma, aghalabu hutaja ukosefu wake: mvua iliyokawia, ng'ombe waliokufa, mtemi aliyelaumiwa kwa kuwa mvua ilihesabiwa miongoni mwa wajibu wake. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Katika ukingo wa mashariki, pande za Ipililo na Bariadi hata kuelekea nyika za Serengeti, maji yalitisha yalipokosekana, na yalitisha vilevile yalipopatikana.

Mto Simiyu wenyewe ni shahidi. H. M. Stanley alipofika kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1875, aliudhania kuwa ndio chemchemi ya Nili iliyo kusini kabisa. Lakini kiangazi mto huu, sehemu nyingi, ni njia ya mchanga tu, na wanawake huchimba visima vya mikono ndani yake. Mvua ikinyesha mbali, mkondo huja ghafula, na udongo mweusi wa mbugani hugeuka tope la kunasa ng'ombe. Mchungaji aliyevuka asubuhi hakuwa na hakika ya kurudi jioni.

Aliyefuata maji na majani mbali zaidi mashariki alikutana na adui mwingine. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa. Hayakuwa yale ya Uganda ya mwanzo wa karne, yaliyoua watu zaidi ya 200,000 na kuenezwa na mbung'o wa kandokando ya ziwa. Mbung'o wa huku alikaa katika vichaka vikavu vya wanyama, C. F. M. Swynnerton alimchunguza, na wataalamu wakampa mdudu huyo jina la mchunguzi wake. (Sijui kama ni heshima ya kutamaniwa.)

Lakini jambo ambalo naona halijapewa nafasi yake ni habari ya malambo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulichimba malambo ili watu na mifugo wapate kuhamia sehemu zisizosongamana. Serikali ya kikoloni iliyahesabu malambo hayo kuwa ushindi, na aliyekuwa akiswaga ng'ombe mwendo wa nusu siku kwenda kunywa hakuwa na sababu ya kubisha. Pamoja na maji, hata hivyo, kilistawi kichocho. Mnyoo wake ulikuwa umekwisha julikana tangu mwaka 1851, Theodor Bilharz alipouona Cairo. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, vijidudu huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Aliyesimama majini ni nani? Ni mtoto wa mchungaji, na mama achotaye. Yaani lambo lilimdhuru yule yule lililochimbwa kwa ajili yake.

Huenda msomaji akadhani kwamba ukame ungaliua konokono hao. Wachunguzi waliofanya kazi Mwanza katika miaka ya 1950 na 1960 waliona kinyume: dimbwi likikauka, baadhi ya konokono hujificha katika tope na kulala, na mvua ya kwanza huwaamsha. Kwa hiyo dimbwi lililokauka kabisa halikuwa salama. Lilikuwa likingoja tu. Hapa hadithi ya ukame na hadithi ya maji huungana, na mwanahistoria azitenganishaye huwakosa watu walioishi ndani ya zote mbili.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kusaidia kuleta maji ya Ziwa Viktoria kwa mabomba katika mkoa wa Simiyu. Mama ajazaye ndoo bombani hana haja ya kuingia majini. Ng'ombe ni habari nyingine: mifugo mingi huku bado hunywa lamboni na mtoni, na mtoto aichungaye huingia majini pamoja nayo.